Sura ya Nne: Shingo ya Ogola

Inspekta Caren Aloo alimkuta Daktari Rahab Waweru amekaa katika chumba cha mahojiano, miguu peku, viatu vyake amevipanga pembeni mwa kiti. Kamba za viatu zilichukuliwa tangu jana, kama zinavyochukuliwa za kila mahabusu, naye hakutaka kutembea akiburuta. Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai ya maziwa, bado inatoa mvuke.

Hakuna amri ya polisi inayosema mahabusu apewe chai ya maziwa. Aloo akamtazama Konstebo Wechuli aliyesimama mlangoni. Wechuli akatazama dari.

"Hajala tangu jana, afande."

"Sijakuuliza," Aloo akasema, lakini kikombe akakiacha pale pale.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi. Saa tisa alasiri faili ilipaswa kuwa mezani kwa mwendesha mashtaka, na kesho yake mama huyu asimame kizimbani kwa shtaka la kujaribu kuua. Kliniki yake ya uti wa mgongo na viungo, kule Milimani, ilikuwa imefungwa kwa kufuli la serikali. Mtu alikuwa ameandika kwa mkaa kwenye geti kwamba arudi kwao Nyeri akanyonge watu wa huko.

Kesi yote ilisimama juu ya sentensi tatu. Opondo Ogola, dereva wa lori la miwa kutoka Muhoroni, alizisema jana saa nane na robo mchana akiwa kwenye machela hospitalini, dakika chache kabla ya kupigwa sindano ya usingizi na kupelekwa kupasuliwa shingo. Wechuli aliziandika hivi: "Daktari alininyonga shingo. Nikasikia kitu kimekatika. Mkono ukafa." Tangu hapo Ogola hajasema neno lingine, maana amewekewa mpira wa kupumulia kooni.

Aloo akavuta kiti.

"Ulimnyonga?"

"Inspekta, mimi hata kuku nanunua aliyekwisha kuchinjwa."

"Basi nieleze ulichomfanyia. Nieleze kama ulivyomweleza yeye."

Daktari Rahab akaweka mikono yote miwili mezani. Ilikuwa mikono mipana, kucha fupi, kama ya mtu anayekanda unga.

"Alikuja wiki tano zilizopita. Lori lilitumbukia shimoni likiwa limejaa miwa, kichwa chake kikarushwa mbele na nyuma. Nilimwambia shingo ina pingili, kama muwa. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kinachozuia mfupa usisage mfupa. Ndiyo diski. Yake moja ilifinywa ikatokeza pembeni, ikagusa mshipa unaokwenda mkono wa kulia. Akacheka. Akasema, 'Kumbe mimi ni muwa uliopita kwa mashine.'"

"Hospitali walitaka kumpasua."

"Walitaka, na wangeweza kuwa sahihi. Alikuja kwangu kwa sababu anaogopa kisu. Nikampigia daktari wake wa upasuaji tukaongea. Barua yake imo kwenye faili. Tulikubaliana tumpe wiki sita. Mkono ukilegea hata kidogo, anapasuliwa siku hiyo hiyo. Mimi si adui wa upasuaji, Inspekta. Kuna shingo zinazotaka kisu na kuna zisizotaka. Kazi yangu ni kujua ipi ni ipi."

"Na bila kisu unafanya nini?"

"Navuta. Analala chali, nashika kichwa hivi, navuta polepole kama unayetoa mtoto usingizini. Halafu mazoezi. Halafu kola, ile ya sponji, asigeuke ghafla akiwa njiani."

"Wengi wenu huzungusha shingo mpaka ilie. Nimeona kwenye simu."

"Shingo isiyoumia inaweza kuzungushwa na mtu aliyesomea. Ya Ogola ilikuwa marufuku. Tazama ukurasa wa kwanza."

Aloo akafungua faili. Maneno yalikuwepo, kwa wino mwekundu, yamepigiwa mstari mara mbili: ISIZUNGUSHWE. Chini yake palikuwa na jedwali la namba. Kila siku ya matibabu Ogola alifinya kifaa kinachopima nguvu za mkono. Mkono wa kulia ulianza na kilo thelathini. Jana, saa nne na dakika hamsini, ulifika thelathini na nane.

"Ungeweza kuandika namba hizi baada ya mambo kuharibika."

"Ningeweza. Lakini si mimi niliyeandika. Ogola hakubali kuandikiwa. Anasema dereva husoma mita zake mwenyewe."

Aloo akainamia karatasi. Kweli mwandiko ulikuwa mwingine, herufi nzito na za duara. Namba ya jana haikuwa imetetemeka.

"Alitoka kwako amevaa kola?"

"Nilimfunga mwenyewe."

"Na hospitali ulifikaje?"

"Mke wake alinipigia akilia. Nikakimbia na picha zake za MRI, wasipoteze saa nzima kupiga zingine. Nilimpa daktari wa upasuaji mkononi. Kugeuka, huyu kijana amenishika bega."

Wechuli akakohoa.

Nje, kwenye varanda, Aloo akamwonyesha kijana yule taarifa aliyoiandika. "Hapa umeandika 'Daktari', halafu kwenye mabano umetia 'Rahab Waweru'. Hilo jina Ogola alilitaja?"

"Hapana, afande. Mama watoto ndiye aliniambia daktari wake ni huyo."

"Na ulimuuliza Ogola ni daktari yupi?"

"Daktari ni daktari, afande."

"Lete gari."

*

Akello, mke wa Ogola, alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha wagonjwa mahututi. Alijifunika sweta ya kijani ambayo haikuwa yake. Ilikuwa na kalamu mbili mfukoni na alama ya wauguzi kifuani.

"Min Lornah, pole," Aloo akasema, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa.

"Pole itanisaidia nini? Huyo mama mnamfunga lini?" Macho ya Akello yalikuwa mekundu. "Nilimwambia baba Lornah, kubali kupasuliwa. Akasema huyu ananivuta tu, hanikati. Haya sasa, si amekatwa?"

Aloo hakubishana naye. Alikaa, akatoa jedwali, akafunika yote kwa kiganja isipokuwa namba ya mwisho.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

Akello hakuhitaji kufikiri. "Wake. Hiyo nane ni yake. Anaiandika kama mitungi miwili imebebana. Watoto humcheka."

"Aliiandika jana kwa mkono wa kulia, saa nne na dakika hamsini. Hapa alifika saa nane na dakika kumi. Ni zaidi ya saa tatu. Alikuwa wapi?"

"Kliniki. Si kliniki?"

"Kliniki alitoka. Alikuwa na safari nyingine?"

"Arudi nyumbani tu. Kesho Lornah anavaa joho huko Maseno. Baba yake alisema lazima akae smati, asiaibishe mtoto mbele ya walimu." Akainua mkono wake wa kulia. "Alishapiga pasi suti. Mwenyewe, kwa huo mkono."

Sista Nabwire, aliyekuwa zamu, akatoka na mfuko wa vitu vya mgonjwa na karatasi ya orodha. Mikono yake ilikuwa wazi katika baridi ya asubuhi ile, na Aloo akajua sweta ya kijani ni ya nani.

"Shati moja jeupe," Nabwire akasoma. "Suruali. Mkanda. Simu. Kipande cha muwa, kimefungwa kwa karatasi."

"Umeandika hata muwa?"

"Kikipotea, nitaulizwa mimi."

"Na kola ya shingo?"

"Hakuja na kola. Ningeiandika."

Aloo akalitandaza shati kwenye benchi, akaligeuza ndani nje. Kwenye ukosi, upande wa ndani, palikuwa na vinywele vifupi vifupi, vyeusi na vyeupe, kama mtu amemwagia pilipili manga na chumvi. Akanusa. Chini ya jasho kulikuwa na harufu kali ya spiriti.

"Mlimnyoa kwa ajili ya upasuaji?"

"Kumnyoa wapi? Alipasuliwa kwa mbele, hapa." Nabwire akagusa koo lake. "Aliletwa kichwa kinang'aa tayari."

"Kabla ya kisu, koo lilikuwa na alama? Vidole, kucha, wekundu?"

"Lilikuwa safi. Nililiosha mimi."

Aloo akatoa daftari lake dogo. Mtu aliyenyongwa kwa mikono hubaki na alama. Basi Ogola aliposema amenyongwa hakuwa na maana ya kukabwa. Alikuwa na maana ya shingo kupindwa, kama unavyopinda nguo mbichi kukamua maji. Aliyeandika ndiye aliyedhani ni kuua.

"Sista, ataweza kuinua mkono?"

"Asubuhi nimemwambia anikunjie vidole. Amekunja viwili." Nabwire alitabasamu kidogo, akamgeukia Akello. "Daktari anasema bahati ni kwamba picha zilikuwa tayari. Saa moja zaidi na tungekuwa tunasema mengine."

"Picha zililetwa na nani?" Akello akauliza.

"Na yule daktari mama. Alipanda ngazi mbio, viatu ameshika mkononi."

Akello akavuta sweta, akaifunga vifungo vyote, kimoja kimoja, mpaka cha juu.

*

Ilikuwa saa sita unusu walipomwona Frankline kwenye stendi ya tuktuk ya Kondele, akila mahindi ya kuchemsha. Yeye ndiye aliyemleta Ogola hospitalini.

"Nilimlaza nyuma, afande, kichwa kwa mapaja ya abiria mwingine. Huyo abiria alikuwa anaenda sokoni. Akaacha safari yake, akamshikilia kichwa mpaka hospitali. Hata jina sikumuuliza."

"Ulimchukua wapi Ogola?"

Frankline akamnyooshea Wechuli gunzi. "Si huyu nilimwambia jana? Kwa Daktari."

"Ndivyo nilivyoandika, afande," Wechuli akasema haraka. "Kwa daktari."

"Kule Milimani?" Aloo akauliza.

"Milimani!" Frankline akawageukia wenzake. "Ati nimetoa abiria Milimani! Huko watu wako na magari yao, wataniita mimi wa nini? Afande, mimi nazunguka hapa hapa. Nilimtoa kwa Daktari. Manyatta."

Wechuli aliacha kutafuna ubani.

"Daktari gani wa Manyatta?" Aloo akauliza polepole.

"Daktari! Daktari wa kunyoa. Byron. Kila mtu anamjua." Frankline akamtazama Wechuli kutoka kofia hadi buti. "Omera, ndugu yangu, kwani wewe unanyolewa na nani? Na mama?"

Stendi nzima ikaangua kicheko.

"Kwa nini hukuniambia jana?" Wechuli akauliza, masikio yamemwiva.

"Uliniuliza nimemtoa wapi, nikakuambia. Uliniuliza ni Daktari gani?"

*

Kibanda kilikuwa cha mabati, kimepakwa rangi ya samawati. Juu ya mlango palichorwa mtu mwenye kipimo cha moyo masikioni na mashine ya kunyolea mkononi. Maandishi yalisema: DAKTARI WA VICHWA. Kando yake, kwenye waya wa kuanikia, taulo sita ndogo zilikuwa zikikauka. Mwisho wa waya, imebanwa kwa vibanio viwili isianguke, ilining'inia kola ya sponji ya shingo. Ilikuwa imefuliwa ikatakata.

Aloo akaitazama kwa muda. Mwenye kuficha kitu hakifui na kukianika barabarani.

Ndani, kijana mrefu mwenye koti jeupe alikuwa amemnyoa mzee mmoja nusu ya kichwa. Alipomwona Wechuli na sare yake akazima mashine.

"Byron?"

"Ndiyo, mama."

"Ile kola ni ya nani?"

"Ya Wuon Lornah, Mzee Ogola. Nilitaka kumpelekea. Ilikuwa imejaa nywele, nikaona mgonjwa atawashwa." Akapangusa mikono kwenye koti. "Jana nilifunga saa kumi nikaenda hospitali. Askari wa geti akauliza wewe ni nani yake. Nikasema mimi ni kinyozi wake. Akanicheka."

"Kaa chini uniambie ilivyokuwa."

Hakukaa. Kiti kilikuwa kimoja, na mzee alikuwa amekikalia.

"Alikuja kama saa saba. Kulikuwa na foleni, akangoja. Ilipofika zamu yake nikamwambia, Baba, nitakunyoaje na hiyo kitu shingoni? Akatoa. Nikamnyoa, nikapaka spiriti. Alikuwa ananiambia mambo ya Lornah, halafu akanyamaza, kumbe amesinzia. Alisema wiki nyingi halali vizuri, shingo inauma. Nikafikiri, huyu leo nimfanyie ile mzuri kabisa."

"Ile ipi?"

Byron akainua mikono hewani. Mmoja ukashika kidevu kisichokuwepo, mwingine ukashika kisogo. "Nikimaliza kunyoa, kila mtu namnyonga shingo. Kulia, kushoto. Ni ya bure. Ndiyo maana wananiita Daktari. Mtu anakuja amekazana, anatoka mwepesi."

"Kweli," mzee akasema kutoka kwenye kiti. "Ana mkono mzuri."

"Baba, nyamaza kidogo," Aloo akasema. "Hakukukataza?"

"Alikuwa usingizini. Kulia ikalia vizuri. Kushoto..." Byron akashusha mikono. "Kushoto ililia vingine. Akafungua macho. Hakupiga kelele. Akaniangalia tu kwa kioo akasema, 'Daktari, mkono wangu uko wapi?'"

Nje taulo zilipigapiga kwenye waya.

"Ulikuwa hapa chini ya kitambaa cha kunyolea nilichomfunika," Byron akaendelea. "Nikaushika nikamwonyesha. Nikamwambia huu hapa, Baba, huu hapa. Akasema hausikii. Nikakimbia kutafuta tuktuk."

"Na jioni ukasikia daktari wa Milimani amekamatwa."

"Kwa redio."

"Kwa nini hukuja?"

Kijana akainama.

"Nilijiambia, kama wamemshika yeye, basi ni yeye. Yeye amesoma, alimshika shingo asubuhi, labda alishaiharibu. Mimi ni kinyozi tu." Akapangusa uso kwa mkono wa koti. "Lakini nilikuwa najua. Tangu ile sauti nilijua. Atapona?"

"Leo amekunja vidole viwili."

Byron akashika ukingo wa kabati la vioo, akabaki ameshika hivyo.

Aloo akaandika taarifa yote juu ya rafu ya mafuta ya nywele, maneno kama yalivyotoka. Alipofika kwenye jina akasimama, akaandika kwa herufi kubwa mwanzoni: Daktari, ndilo jina ambalo Byron, kinyozi wa Manyatta, huitwa na wateja wake. Akalipigia mstari. Byron akasoma, akatia sahihi. Wechuli akaitoa kola kwenye waya, akaikunja vizuri na kuitia kwenye mfuko wa vielelezo. Hakuna aliyemwambia aikunje.

"Nitafungwa, mama?"

"Sijui. Hilo ni la mwendesha mashtaka. Mimi naandika kilichotokea. Nimeandika umemnyonga shingo bila kumuuliza, na jana ukanyamaza mwingine akilala ndani. Nimeandika pia kwamba ulimkimbiza hospitali, na kola uliifua."

Akatoa simu, akapiga kituoni. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro robo.

"Mrudishieni Daktari Rahab kamba zake za viatu," akasema. "Ndiyo, sasa. Mengine nakuja nayo mkononi."

Alipokata simu mzee akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Afande, na mimi? Nitaenda nyumbani hivi, nusu?"

Aloo akamtazama, akatazama saa. Kutoka Manyatta hadi ofisi ya mwendesha mashtaka ni dakika ishirini.

"Mmalizie," akamwambia Byron. "Tunangoja nje."

Mashine ikaunguruma tena. Wechuli alisimama mlangoni, mgongo umeelekea barabarani, akimtazama kinyozi. Byron alinyoa taratibu kuliko kinyozi yeyote, akazunguka sikio, akashuka kisogoni. Akapaka spiriti, akapuliza, akapangusa kwa taulo. Kisha akaichomoa mashine ukutani.

Mzee hakuinuka. Alifunga macho, akalegeza mabega, akauegemeza mgongo, na kuinua kidevu kama alivyozoea miaka yote.

Mikono ya Byron ikapanda yenyewe mpaka karibu na taya zake. Ikasimama hapo, hewani.

"Daktari?" mzee akaita, macho bado amefumba. "Na shingo?"

"Shingo tuiache, Baba," Byron akasema. Akamfungua kitambaa cha kunyolea, akakikung'uta, akamshika mzee kiwiko na kumsaidia kusimama.